Maswali na majibu: Kitelugu na herufi zake za mviringo

Zile muvi za "Kihindi" mnazoangalia na sauti za madijei, nyingine zimetengenezwa Hyderabad, mji wa kusini mwa India, na lugha yake ya kwanza ni Kitelugu, ndo maana maswali yamekuwa mengi. Nimechukua matano.

Kitelugu si ni Kihindi cha kusini tu?

Hapana, hapana kabisa. Kihindi kina undugu na Kigujarati, Kibengali, mpaka Kiajemi huko, ila Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidia, pamoja na Kitamil na Kikannada. Kimechota maneno mengi sana ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu huko India, ndo maana watu wanachanganyikiwa, lakini kuazima maneno hakubadilishi ukoo, sisi wenyewe tumejaza Kiarabu na bado Kiswahili ni Kibantu. Na sio kilugha kidogo jamani, sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 81 wanaokiongea kama lugha ya mama, wengi wako majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana.

Sasa herufi zake zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye Brahmi, mwandiko wa zamani uliozaa karibu miandiko yote ya India, ikiwemo hiyo ya Kihindi. Karne ya 3 kabla ya Kristo mfalme Ashoka alichongesha amri zake kwenye miamba sehemu nyingi, na mojawapo ni Erragudi, hukohuko Andhra. Afu mwaka 1892 huko Bhattiprolu, karibu na mdomo wa mto Krishna, walifukua stupa, yaani kilima cha ibada cha Wabuddha, wakakuta vikasha vya mawe vya kutunzia masalia, vimeandikwa kwa Brahmi ya aina yake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana mitandaoni hii inapotoshwa kila siku: lugha iliyo kwenye vile vikasha ni Kiprakriti, lugha ya kale ya ukoo wa Kisanskriti, sio Kitelugu. Umri wa herufi na umri wa lugha ni vitu viwili. Kitelugu chenyewe kwenye sentensi kamili tunakikuta baadaye sana, kwenye jiwe la Kalamalla, wilaya ya Kadapa, la mwaka 575 hivi, na fasihi kubwa inaanza karne ya 11 pale mshairi Nannaya alipoanza kuileta Mahabharata, utenzi mrefu wa Kisanskriti, kwa Kitelugu akiwa Rajahmundry, akafa hajamaliza, ikabidi washairi Tikkana na Errana waje kuikamilisha.

Mbona inafanana sana na Kikannada?

Kwa sababu kwa karne nyingi ulikuwa mwandiko mmoja, ukaja kuachana taratibu kuanzia karne ya 13 hivi. Angalia "ka": Kitelugu క, Kikannada ಕ. Ya Kitelugu ina kitiki juu, kinaitwa talakattu, ya Kikannada ina kamstari kamelala. Lakini kinachonifurahisha mimi ni kwamba kwa uongeaji ndugu wa karibu wa Kitelugu ni lugha kama Kigondi, lugha ya watu wa misitu ya katikati ya India, wakati Kikannada kiko tawi moja na Kitamil. Pacha wa maandishi sio pacha wa kuzaliwa.

Kwa nini herufi ni duara duara hivo?

Maelezo yanayotolewa sana ni majani ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, waliyokuwa wanaandikia. Walikuwa wanakwaruza kwa kalamu ya chuma afu wanapaka masizi ili maandishi yaonekane, na mstari ulionyooka ukifuata nyuzi za jani unalipasua, mviringo haulipasui.

Ni ngumu kujifunza?

Kuongea siwezi kukudanganya kwamba ni rahisi, ila kusoma ni wiki chache ukikomaa. Kila konsonanti inakuja na "a" yake tayari, క ni ka, ukitaka ki unabadilisha juu inakuwa కి, ku ni కు. Konsonanti zikikutana, ya pili inashuka chini: amma, yaani mama, inaandikwa అమ్మ, ile m ya pili imejikunja pale chini. Huo mrundikano ndo ulisumbua simu Februari 2018, mtu akikutumia జ్ఞా kwenye iPhone programu ya meseji inagoma kabisa, mpaka Apple walipotoa iOS 11.2.6 kurekebisha.