Mwaka 1888 Bagamoyo hapakuwa na hela

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo. Huu mwaka wa nne naandika riwaya ya vita vya Abushiri, vile vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na mswada umefika kurasa 240. Tarehe zote nimezihakiki. Lakini watu watatu niliowapa waisome wameniambia neno moja: "Haina uzamani." Nimejaribu kuingiza maneno ya kale kama "ewe", "hakika" na "lahaula", bado wanasema vilevile. Je, niiandike yote kwa Kiswahili cha kale? Na kuna mtaalamu ameahidi kuihakiki historia yake kwa shilingi laki tatu na nusu, pamoja na cheti cha kuweka nyuma ya jalada. Nimlipe? Nimeambatisha ukurasa wa kwanza.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimlipe. Huyo bwana nitamrudia, maana nikianza naye hatutafika kwenye riwaya.

Hizo "ewe" na "lahaula" zitoe zote leo hii. Miswada ya namna hii inanifikia kila mara, na dawa anayojipa mwandishi ni ileile: akiambiwa hadithi haina uzamani, anaimwagia ukale kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye wali ulioungua. Watu wa 1888 hawakujiona watu wa kale. Walibishana bei ya kitambaa cha merikani, wakadaiana, wakataniana, na lugha yao masikioni mwao ilikuwa ya siku hiyohiyo. Kiswahili chako cha kawaida kinatosha. Shida ni maneno ya leo yaliyojificha humo ndani, nawe umeyazoea mno hata huyaoni.

Naunakili mwanzo wako ili wasomaji wengine waone tunazungumzia nini:

"Ilikuwa Agosti 1888. Mzee Kombo alisimama ufukweni akawatazama vijana. 'Ewe kijana,' alisema, 'wakoloni wa Kijerumani wamekuja kuitawala Tanganyika yetu. Hakika sina hela ya kununua bunduki, lakini uhuru hauji bila umoja.'"

Tarehe ni sahihi. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuushika utawala wa pwani Agosti ile, kwa mkataba iliotiliana na Sultani Khalifa wa Unguja mwezi Aprili. Halafu mzee akafungua kinywa.

Tuchukue hela. Neno lenyewe limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutolewa 1904, mia moja kwa rupia. Mzee Kombo anaililia sarafu itakayokuja baada ya miaka kumi na sita. Yeye angekosa rupia ya Kihindi, au reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, au angesema tu hana hata pesa moja ya shaba. Nakucheka huku nikijicheka. Riwaya yangu ya kwanza, niliyoichapisha kwa akiba yangu mwenyewe, nakala 500, ilikuwa na msafara wa miaka ya 1870. Karani mmoja mstaafu alinunua nakala, akairudisha baada ya wiki. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu kila palipoandikwa "hela". Mara kumi na saba. Pembeni hakuandika kitu. Aliniwekea kitabu mezani, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Nakala 480 zilikuwa bado zimo kwenye maboksi chini ya kitanda.

Kwenye ukurasa wako wa pili watoto wanatoka "shule". Hilo nalo ni la Wajerumani. Watoto wa mjini wa mwaka ule walitoka chuoni, na ubao wa Kurani kwapani.

Na hao Wajerumani Mzee Kombo angewaitaje? Hemedi bin Abdallah, mshairi wa upande wa Tanga aliyetunga utenzi wa vita vile, anawaita Wadachi. Huyo alikuwa shahidi wa nyakati zile, tumfuate yeye.

Tanganyika lilikuwa ziwa, mwendo wa miezi kwa miguu kutoka hapo ufukweni. Nchi haikupewa jina hilo hadi Waingereza walipoichukua, mwaka 1920. Mzee wako angesema Mrima, yaani pwani hii, na kwingine kote angeita bara. Hao wa bara pengine angewaita washenzi, bila kupepesa jicho. Najua hutaki kuliandika neno hilo. Liandike. Mji ule ulikuwa na waungwana, watumwa na wageni, na kila mmoja alijua anakaa wapi barazani. Hata Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na waliolilima walikuwa watumwa. Ukimsafisha ukamfanya mpigania uhuru wa mwaka 1961, unampokonya kila kilichomfanya awe yeye, kisha unamnyonga Pangani Desemba 1889 akiwa mtu mwingine.

Uhuru ndilo neno linalonikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwapo. Mwaka 1888 mtu huru ni yule asiye mtumwa. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake anakuwa huru. Sasa fikiria Mzee Kombo, muungwana wa Bagamoyo, akisimama mbele ya vijana ambao nusu yao ni watumwa wa nyumba yake, akitangaza kwamba uhuru unakuja. Wangemwuliza: lini, bwana, na hati ziko wapi? Hiyo, mwalimu, ni sura nzima ya riwaya. Ilikuwa chini ya pua yako ukaipita.

Hapa ndipo nataka tukae. Waandishi wengi wanaamini kwamba riwaya ya kihistoria huharibiwa na tarehe iliyokosewa. Wanahakiki tarehe hadi macho yanauma, kisha wanaweka ndani yake watu wanaojua mwisho wa hadithi. Mzee Kombo anajua kwamba huu ni ukoloni, kwamba utaenea nchi nzima, na kwamba utakwisha kwa umoja. Amesoma kitabu cha kidato cha tatu. Kwa kuwa anajua, haogopi, habahatishi wala hakosei, na mtu asiyekosea hana hadithi. Wasomaji wako watatu walilihisi hilo, ila hawakuwa na jina lake, wakaliita uzamani.

Agosti ile wenyeji waliona nini? Kwa miaka mingi Sultani alikuwa akiwakodisha matajiri wa Kihindi forodha zake: wanamlipa kwa mwaka, wao wanatoza ushuru. Sasa inasikika kwamba kuna kampuni ya Wadachi imeingia mkataba na Sultani, nayo itatoza ushuru kwa jina lake. Mtu mwenye akili timamu angedhani nini? Kwamba forodha imepata mpangaji mpya. Majumbe, wakuu wa mji, wangeuliza habari ya mapato yao ya misafara. Mwenye duka angeuliza kiwango. Hasira ilipanda pale kampuni ilipotaka bendera yake ipepee na ile nyekundu ya Sultani iondoke nyumbani kwa liwali, mwakilishi wa Sultani mjini. Hapo ndipo watu walipotambua kwamba mpangaji anabadilisha kufuli. Mwache Mzee Kombo awe wa mwisho kutambua. Mwache aseme kwa siku kumi nzima kwamba haya ni mambo ya ushuru tu, yatapita, na kijana mmoja amdharau kwa hilo.

Halafu angalia ulivyoandika: "Ilikuwa Agosti 1888." Kwa nani? Mzee Kombo hana Agosti. Ana miezi yake, na ungejisumbua kuibadilisha tarehe ungepata zawadi. Agosti 1888 iliangukia Mfunguo Tatu, mwaka 1305 wa Hijra. Mwezi wa kuchinja! Kampuni iliingia mijini siku chache tu kabla ya Idi. Yaani mji umejaa, mbuzi wamefungwa nyuani, kanzu zinafuliwa, waliokuwa mashambani wamerudi, wadeni wanajificha, na katikati ya hayo anakuja mtu na mlingoti wa bendera. Kule Pangani askari wa Kijerumani waliingia msikitini na mbwa siku zilezile. Wewe una kurasa 240 na hakuna mbuzi hata mmoja. Hakuna Idi. Umeihakiki tarehe kwenye kalenda ambayo haikuwa yao, ikakunyima sikukuu nzima.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, nayo haina njia ya mkato. Mchukue kila mhusika umwulize: leo ni siku gani kwake, ana deni kwa nani, anaogopa nini wiki hii? Kwa Bagamoyo una bahati kuliko wengi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa papa hapa, alieleza kwa Kiswahili desturi za watu wa pwani, na maelezo yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903: harusi, mikopo, ngoma, safari za bara. Soma sura ya madeni kabla ya sura ya vita. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani. Makumbusho ya Wakatoliki pale misheni kwenu yana picha. Nenda na kioo cha kukuzia, usiangalie padri aliyesimama katikati, angalia waliosimama pembeni wamevaa nini na wameshika nini.

Sasa huyo bwana wa laki tatu na nusu. Hana cheti chochote, kwa sababu hakuna anayetoa cheti cha riwaya kuwa kweli. Nimewahi kuletewa "ripoti ya uhakiki" ya mtu wa aina hii na mwandishi aliyekuwa akilia. Kurasa tisa, zote zimenakiliwa kutoka intaneti, na hata neno "bofya hapa" halikufutwa. Na kuna jamaa zake. Kuna anayefundisha riwaya ya kihistoria kwa siku tatu hotelini, chakula juu yako. Kuna wanaoiambia programu ya kompyuta iwaandikie barua ya Abushiri kwa Sultani. Inawapa barua tamu, yenye tarehe na muhuri, ambayo Abushiri hakuiandika, nao wanainukuu kwenye utangulizi kama ushahidi. Kuna wa kukupeleka kwa "mzee anayekumbuka vita vya Abushiri". Piga hesabu, mwalimu, si unafundisha? Mzee wa miaka tisini leo alizaliwa miaka ya 1930. Alichonacho ni alichosimuliwa na babu yake, na babu alikuwa na sababu zake za kusimulia alivyosimulia. Nenda kwake, tena uende na sukari, lakini usimwulize tarehe. Mwulize matusi ya zamani, majina ya visima, nyimbo, nani hakuwa akimwoa nani. Hayo hudumu.

Ila wanaonitia hasira kuliko hao ni wanaosimulia mji wetu kwa wageni, kisha waandishi wanakuja kuchukua simulizi hizo kama maji ya bomba. Umeandika ukurasa wa tisa kwamba watumwa walipofika pwani wakasema "bwaga moyo", ndiyo asili ya jina la Bagamoyo. Umeisikia wapi? Kwa yule anayeisikia kwa mwenzake. Watu walioletwa kwa minyororo kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wangeupaje mji jina la Kiswahili, na nani angewasikiliza? Kuna maelezo mengine ambayo hayauzi tiketi: wapagazi. Wanyamwezi kwa maelfu walishuka kila mwaka na pembe za ndovu, kila mtu na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, kwa ujira waliopatana. Mtu aliyebeba hivyo miezi mitatu akaiona bahari, anayo kila haki ya kuubwaga moyo, autulize, kabla hajaanza kudai ujira wake. Watumwa walipita hapa, ndiyo, na uchungu wao hauhitaji kupambwa. Lakini ukiandika kila msafara ni mnyororo, umewafuta maelfu ya watu waliokuja kwa miguu yao, wakapiga ngoma, wakagomea ujira mdogo, wakatapeliwa na wenye maduka, wakarudi bara na merikani na kaniki mabegani. Kwenye mswada wako hayumo Mnyamwezi hata mmoja mwenye jina. Mwaka 1888 mji ulikuwa umejaa wao.

Kwa hiyo laki tatu na nusu yako ifanye nauli ya Dar na siku nne za kukaa huko kusoma majalada, na itakayobaki mpe mchapaji wa nakala chache za majaribio. Hamsini, usichape 500.

Jambo la mwisho, ukurasa wa kumi na nne. Jahazi linaingia Bagamoyo kutoka Maskati, limeleta bunduki, na ni wiki ileile ya bendera. Mwezi huo kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma. Majahazi ya Maskati huja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Ama bunduki zitoke Unguja kwa mashua, ama Mzee Kombo azisubiri hadi Januari.