Miche ya nyanya hailali kwa kukosa maji tu

Juzi msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia kwa uchungu. Miche yake ya nyanya ilikuwa mirefu, majani laini ya kuvutia. Akaihamishia shambani asubuhi ya jua kali, akamwagilia vizuri, na ilipofika saa nane mchana yote imelala. "Maji yalikuwepo, sasa imeuawa na nini?" Namjibu hapa, maana kila anayetaka nyanya zimlipie ada za watoto atalikuta swali hili.

Nilipoanza kilimo hapa Ilula, kila msimu nilipunguza maji kitaluni wiki ya mwisho na kuondoa kivuli kidogo kidogo. Majirani walisema naitesa miche. Mtaalamu mmoja niliyemheshimu sana alisimama mbele ya vibarua wangu akasema nimesoma bila kuelewa. Maneno yale bado yananiuma. Lakini miche yangu ilishika ardhi bila kuyumba, na msimu uliofuata majirani walewale walikuja kununua miche kwangu. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu nililipigania.

Jani la nyanya lina vitundu visivyoonekana kwa macho, vingi zaidi upande wa chini. Kila kitundu kinalindwa na seli mbili. Kunapopambazuka, mwanga wa buluu hupokewa na protini ziitwazo fototropini. Seli zile husukuma nje protoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, madini ya potasiamu yanaingia, maji yanayafuata, seli zinavimba na kujipinda, kitundu kinafunguka. Hewa ya kabonidioksaidi inaingia, mvuke unatoka. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki. Hiyo huitoa potasiamu kwenye seli, maji yanaondoka nayo, seli zinalegea na kitundu kinajifunga hata jua likiwa utosini.

Kwa hiyo mwanga unaamuru fungua, homoni inaamuru funga, na mche wako uko katikati. Kuna nyanya yenye kasoro ya kurithi, huitwa flacca, isiyotengeneza homoni hii ya kutosha. Hunyauka upesi hata udongo ukiwa na maji, na ikinyunyiziwa homoni hiyo, husimama. Ndugu yangu wa Njombe, soma hapo mara mbili.

Majani yaliyokua kwenye unyevu mwingi huwa na vitundu vizito kujifunga. Wanaootesha miche ya migomba ndani ya chupa maabara wanalijua hili, ndiyo maana hawaitoi miche kwenye chupa na kuipeleka juani siku hiyohiyo. Mche wako ulidekezwa kivulini, ukang'olewa na mizizi ikakatika, halafu ukakabidhiwa jua la asubuhi lenye amri ya kufungua. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kupandisha maji kwa kasi hiyo, hata ukileta mto mzima.

Tuache kupenda miche kwa urembo wake! Mkulima makini huiandaa. Izoeshe jua. Izoeshe kiu ndogo, majani yalegee kidogo mchana na yasimame jioni. Hamisha jioni, mwanga ukififia, ili mizizi ipate usiku mzima kabla ya vitundu kufunguka tena. Narudia, jioni.

Kama kuna iliyobaki kitaluni, usiihamishe kesho. Anza kwa kufungua kivuli saa za asubuhi tu, ongeza kila siku, na siku ya kuhamisha mwagilia kitalu vizuri kabla hujang'oa, ili mche utoke na udongo wake.