Presha ya Kichwani: Namba Inasomwa Kutokea Wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa ndugu wa wagonjwa na kwa wahudumu wa wodini, na karibu zote zinauliza kuhusu namba za kwenye skrini. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo la kipimo linaweza kumdhuru mgonjwa.

SWALI: Shikamooni. Baba yangu aliumia kichwa, yuko ICU na hajazinduka. Kuna namba mbili ambazo wauguzi huziandika kila saa, moja 18, nyingine 64. Jana ile ya kwanza ilifika 26, wakakimbilia kitandani. Usiku ile ya pili iliposhuka hadi 55, wakaongeza dawa ya kupandisha presha. Sisi tunajua presha ikipanda ndiyo hatari kwa ubongo. Kwa nini wanaipandisha makusudi? (Binti wa mgonjwa)

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Namba ya kwanza ni presha ya ndani ya fuvu. Kwa mtu mzima aliyelala, kawaida haizidi milimita 15 za zebaki. Ya pili ni presha ya msukumo, yaani nguvu inayobaki ya kupeleka damu ubongoni baada ya kuondoa kizuizi kilichomo ndani ya fuvu. Hupatikana kwa kutoa tu. Tuseme presha ya mzee mkononi ni 120/63. Chukua ya juu, ongeza ya chini mara mbili, gawanya kwa tatu: unapata wastani wa 82. Toa 18 za kichwani, zinabaki 64.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake ubongo unachukua takriban asilimia 80 ya nafasi, damu 10 na maji ya ubongo 10. Ubongo ukivimba, au damu ikivujia humo, mwanzoni maji na damu ya kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) husukumwa nje ili kuachia nafasi, na presha hubaki ile ile. Akiba hiyo ikiisha, kiasi kidogo tu cha uvimbe kinatosha kuirusha juu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kushinda vizuri mchana kutwa kisha akabadilika ndani ya saa moja.

Ubongo una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini huchukua karibu asilimia 15 ya damu inayotoka moyoni. Kila gramu 100 za ubongo huhitaji takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Zikishuka chini ya 20, seli huacha kufanya kazi; chini ya 10, huanza kufa ndani ya dakika chache. Ubongo wenye afya hujilinda wenyewe kwa kubana au kulegeza mishipa yake, hivyo mtiririko haubadiliki sana hata presha ya mwili ikipanda au kushuka. Ubongo ulioumia mara nyingi hupoteza uwezo huo, na mtiririko ukawa unafuata presha moja kwa moja. Kwa mzee wako, 55 ilimaanisha damu inayofika ni pungufu, kwa hiyo wauguzi walifanya sawasawa.

Mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa mwaka 2016, ambao hutumika sana kwa majeraha ya kichwa, unashauri kutibu presha ya fuvu inapozidi 22, na kuiweka ya msukumo kati ya 60 na 70. Kuilazimisha ivuke 70 kwa maji mengi na dawa nzito za presha kunaweza kuumiza mapafu, ndiyo maana hawaiachi ipande tu. Hiyo 26 nayo hutegemea ilidumu muda gani. Mgonjwa akikohoa, namba huruka na kushuka upesi. Ikikaa juu ya 22 kwa zaidi ya dakika tano hivi, hapo kuna kazi ya kufanya.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Mgonjwa ana mrija wa kutoa maji ya ubongo, ulioingizwa kwenye ventrikali (vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo). Nilikabidhiwa zamu presha ikiwa 11. Nikapandisha kitanda ili nimgeuze bila kuumia mgongo, nikasoma 19. Mgonjwa mwenyewe hakubadilika hata kidogo. Niamini ipi?

Usiamini yoyote mpaka upime upya. Kitanda kilipanda, transdyusa (kifaa kinachopima presha na kuipeleka kwenye skrini) ikabaki pale pale kwenye nguzo yake. Kifaa hicho husoma uzito wa maji yaliyo kwenye mrija, kwa hiyo kikiwa chini kuliko kichwa husoma juu, kikiwa juu ya kichwa husoma chini. Milimita 1 ya zebaki ni sawa na sentimita 1.36 za maji. Tofauti yako ya 8 ni sawa na sentimita 11 hivi, kimo ambacho kitanda hupanda kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde chache.

Lakini namba si tatizo kubwa kuliko maji yenyewe. Kichupa cha kudondoshea, ambamo maji ya ubongo hudondokea, nacho kilibaki kwenye nguzo. Kama daktari aliagiza kiwe sentimita 15 juu ya sikio, sasa kiko sentimita 4 tu, na maji yanamiminika. Yakitoka mengi kwa ghafla, ventrikali hujikunja, vena za juu ya ubongo huvutika na kupasuka. Na kwa mwenye aneurizimu (uvimbe kwenye ukuta dhaifu wa mshipa wa damu) iliyopasuka ambayo bado haijazibwa, inaweza kupasuka tena. Ubaya wake ni kwamba hakuna kengele inayolia. Kwa hiyo fanya iwe sheria: funga mrija kwanza, ndipo uguse kitanda, umgeuze, umvute makohozi au umsafirishe. Ukimaliza, pima usawa upya, kisha ufungue. Kusahau kufungua ni hatari vilevile, hasa kwa mgonjwa ambaye maji yake hayana njia nyingine ya kutoka.

Kupima kwenyewe kufanyike hivi. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo inyooke katikati. Tafuta kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio. Ndicho alama ya nje ya njia ambayo maji hupita kutoka ventrikali za pembeni kwenda ya tatu. Weka sifuri ya transdyusa usawa wa hapo kwa pima maji au taa ya leza. Kukadiria kwa jicho ukiwa umesimama pembeni mwa kitanda kunapotosha, usikutegemee. Funga koki upande wa mgonjwa, fungua kwa hewa, bonyeza sifuri, na usiendelee mpaka skrini ionyeshe 0 na mstari ulionyooka. Kisha funga hewa, fungua kwa mgonjwa, na ufunge njia ya kichupa. Subiri wimbi litulie, ndipo uandike. Ukisoma huku maji yanatoka, namba unayopata inavutwa na kimo cha kichupa na wala si presha halisi ya mgonjwa.

Transdyusa hii hujazwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na dawa ya kuhifadhi, na haiunganishwi na mfuko wa shinikizo wala heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kama ile ya kupima presha ndani ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Tunasisitiza kwa sababu zinafanana, na mkono uliozoea ateri unaweza kusukuma maji ubongoni.

Kila saa andika kiasi kilichotoka na rangi yake. Mwili hutengeneza karibu mililita 20 za maji haya kwa saa, kwa hiyo kutoka nyingi zaidi ya hapo ghafla ni habari. Yakikoma kabisa, fuata mrija kwa vidole kutoka kichwani hadi kwenye kichupa: koki, kibano, mkunjo, donge la damu. Teremsha kichupa kidogo kwa muda mfupi uone kama tone linaanguka na maji yanacheza na mapigo ya moyo, kisha urudishe kimo kilichoagizwa. Yasipocheza, mwite daktari. Usisukume chochote kuelekea kichwani, na usifungue mrija bila sababu, maana kila mara unapofunguliwa unawapa bakteria nafasi.

Kuna usawa wa pili unaosahaulika. Transdyusa ya ateri huwekwa usawa wa moyo, ilhali ya kichwa iko sikioni. Kichwa kikiinuliwa, sikio linaweza kuwa sentimita 15 juu ya moyo, ambazo ni kama milimita 11 za zebaki. Skrini ikisema wastani wa presha ni 80 na fuvu ni 20, utadhani msukumo ni 60. Ukihesabu kwa usawa wa sikio, ni 49. Wodi ikubaliane mahali pamoja pa kusomea na iandike hivyo kwenye chati. Bila hivyo zamu mbili zinatibu wagonjwa wawili tofauti katika kitanda kimoja.

SWALI: Na umbo la wimbi linasaidia nini kama namba iko sawa?

Linasaidia sana, maana huonya kabla ya namba. Kila pigo la moyo huleta vilele vitatu, na kwa kawaida vinashuka kama ngazi, cha kwanza kikiwa juu. Cha pili kikizidi cha kwanza, akiba ya nafasi ndani ya fuvu inaisha hata kama namba ni 16. Mgonjwa wa namna hiyo usimlaze chali kwa safari ndefu ya CT skani bila maandalizi. Wimbi likiwa bapa kabisa, mrija umeziba au hewa imeingia, na namba inayoonekana haina maana. Vifaa vya nyuzi vinavyochomekwa kwenye nyama ya ubongo havijali usawa wa sikio, lakini vingi huwekwa sifuri mara moja tu kabla ya kuingizwa, na namba huhama kidogokidogo siku zinavyopita. Ikipingana na hali ya mgonjwa na CT, shuku kifaa.

SWALI: Je, tukiongea na mgonjwa wetu au kumshika mkono, presha itapanda?

Ongeeni naye kwa utulivu, mshikeni mkono. Kinachopandisha presha zaidi ni shingo iliyopinda, kamba ya mrija wa kupumulia au kola iliyobana vena za shingo, maumivu, homa, na kupigana na mashine ya kupumulia. Mkiona shingo imelala upande, mwiteni muuguzi.

SWALI: Ninapima dopla ya kichwa (kipimo cha kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti) kwa mgonjwa aliyevuja damu kutoka kwenye aneurizimu. Siku ya sita ateri ya kati ya ubongo imefika sentimita 150 kwa sekunde. Huu ni mkazo wa mishipa, yaani mishipa kujibana, au la?

Kwa namba hiyo peke yake huwezi kusema. Dopla, tangu Rune Aaslid alipoipitisha kwenye fuvu mwaka 1982, hupima kasi ya damu, haipimi kiasi. Mshipa uliobanwa huongeza kasi, lakini hata homa, upungufu wa damu na presha iliyopandishwa kwa dawa huiongeza. Kwa hiyo pima pia ateri ya karotidi ya ndani pale shingoni, upande ule ule, na ugawanye wastani kwa wastani. Shingoni ukipata 60, uwiano ni 2.5, na damu inakimbia kwa wingi kila mahali. Ukipata 30, uwiano ni 5, mshipa umebanwa. Mpaka kati ya hayo mawili ni uwiano wa 3. Ukipita 6, mkazo ni mkali. Kasi ya wastani inayozidi 120 hutiliwa shaka, 200 ni mbaya, na kupanda kwa 50 ndani ya saa 24 kusisubiri kesho. Siku ya sita imo ndani ya kipindi chenyewe cha hatari, ambacho ni kuanzia ya 4 hadi ya 14.

Tumia probu ya megahezi 2 juu ya tao la shavu, mbele ya sikio, na utafute kina cha milimita 45 hadi 65, damu ikija kuelekea kwako. Andika kina ulichopata ili kesho upime pale pale. Andika pia presha, hemoglobini na kaboni dayoksaidi ya damu, maana kila milimita 1 ya zebaki ya kaboni dayoksaidi hubadilisha mtiririko kwa takriban asilimia 3. Wengine, hasa wazee, mfupa wao haupitishi mawimbi. Usiandike "hakuna mtiririko" wakati ulichokosa ni dirisha, yaani sehemu ya mfupa inayopitisha mawimbi.

SWALI: Hospitali yetu haina kifaa cha kupima presha ya fuvu. Tukae tu?

Hapana. Utafiti uliofanyika Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324, ukachapishwa mwaka 2012, ulilinganisha tiba inayoongozwa na kifaa na ile inayoongozwa na uchunguzi wa kitandani pamoja na CT. Matokeo hayakutofautiana kwa maana. Tunavyousoma sisi, utafiti huo unahimiza kumchunguza mgonjwa kwa ratiba isiyokatika. Kila saa pima Glasgow (alama za kiwango cha fahamu) na mboni za macho. Alama zikishuka mbili, au mboni moja ikitanuka na kukataa mwanga, hiyo ni dharura. Msisubiri presha kupanda, mapigo kupungua na pumzi kuvurugika kwa pamoja, kwani ishara hizo huja mwishoni.

Ultrasaundi ya jicho nayo husaidia. Tumia probu bapa na jeli nyingi juu ya kope iliyofumba, bila kukandamiza. Pima upana wa ala ya neva ya jicho milimita 3 nyuma ya tufe la jicho, mara mbili kila upande, uchukue wastani. Ukikaribia milimita 6, shuku presha ya juu. Jicho lililopasuka lisiguswe.

Mgonjwa akibadilika: kichwa juu nyuzi 30, oksijeni, presha isishuke, kaboni dayoksaidi ibaki 35 hadi 45. Kumpumulisha haraka kunabana mishipa na kunyima ubongo damu, kwa hiyo ni kwa dakika chache tu wakati mboni imetanuka na anapelekwa kwa upasuaji. Manitoli, dawa ya kuvuta maji kutoka ubongoni, ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo: kwa kilo 70, nusu gramu kwa kilo ni gramu 35, yaani mililita 175 za ile ya asilimia 20, ziingie kwa dakika 15 hadi 20. Tazama chupa kwenye mwanga kwanza. Ikiwa na fuwele, ipashe moto mpaka ziyeyuke zote, iache ipoe, na utumie mpira wenye chujio. Mwekee katheta ya mkojo, kwa sababu atakojoa sana, na presha ikishuka baada ya hapo utakuwa umeupunguzia ubongo damu ile ile uliyotaka kuipeleka. Kwa mwenye presha ya chini tayari, maji ya chumvi ya asilimia 3 yanafaa zaidi, huku sodiamu ikipimwa kila baada ya saa chache.