Imba Kwanza, Ndipo Upige: Niliyojifunza Baada ya Solo Yangu Kuzimwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Koboko, hapa Uganda, anayejifunza gitaa, aliniandikia: "Kaka, skeli, ule mpangilio wa nota, nimeikariri yote, lakini nikipewa solo, nipige peke yangu mbele ya bendi, nasikika kama mtu anayefanya mazoezi." Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Alikuwa ananieleza mimi.

Miaka minne iliyopita nilipewa solo yangu ya kwanza, harusini hapa Arua. Wimbo ulikuwa katika ufunguo wa C, kodi tatu tu (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja): C, F na G. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ilipoanza, kiongozi wa bendi akanipa ishara kwa kichwa. Nikaanzia freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), nikapanda, nikashuka, nikapanda tena kwa kasi yote niliyokuwa nayo. Waliokuwa wakicheza wakaanza kurudi kwenye viti. Mzunguko wa pili haujaisha, kiongozi akanyoosha mkono na kuizima sauti ya amplifaya yangu, mbele ya mama yangu na dada zake wote. Hakusema neno usiku ule, wala baadaye. Tukikutana sokoni tunasalimiana, lakini bado inaniuma. Anayejifunza huelekezwa, hazimwi.

Aliyenielekeza ni mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kushika gitaa. Yeye hupiga adungu kanisani, kile kinubi cha Waalur ambacho kila nota ina waya wake. Aliniambia, "Niimbie hiyo solo yako." Nikashindwa. Akauliza, "Kama mdomo hauna neno, vidole vitasema nini?" Tangu siku hiyo alinilazimisha niimbe kipande kifupi cha pumzi moja, ndipo nikitafute kwenye waya. Pumzi ikiisha, na gitaa linanyamaza. Miezi iliyofuata ilikuwa hiyo hiyo kila jioni, sina la kuisimulia.

Sasa mdogo wangu, shika haya. Katika C tumia nota tano: C, D, E, G na A. Zilizoachwa ni F na B, ndizo zinazogongana kwa urahisi na nota jirani, ndiyo maana hizi tano ni salama kwa anayeanza. Lakini usalama si utamu. Utamu uko pale unapotua. Kodi ya C ikipigwa, tua kwenye E, waya wa pili freti ya 5 (waya wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote). Ikija F, tua kwenye A, waya wa kwanza freti hiyo hiyo ya 5. Ikija G, tua kwenye D, waya wa tatu freti ya 7. Nilipogundua kwamba nota moja inabadilika ladha kila kodi inapobadilika chini yake, nililala saa nane usiku. Hakuna aliyenifundisha hilo, nililisikia mwenyewe.

Kisha rudia. Msikilize Franco Luambo, mpiga gitaa wa Kongo, na bendi yake TPOK Jazz: kipande kifupi kinarudi na kurudi, na hiyo ndiyo inayowainua watu. Vijana tunaona aibu kurudia, tunadhani tutaonekana hatujui. Acheni aibu hiyo. Imba, piga, nyamaza, rudia. Nasema tena: imba kwanza.

Jumamosi iliyopita nilipiga harusi nyingine, hapa hapa Arua. Nilianza na nota tatu, nikanyamaza, nikazirudia, safari hii nikaitua ya mwisho kwenye A kodi ya F ilipoingia. Mama mmoja alinyanyua mikono, na uwanja ukajaa. Nilimtafuta kwa macho yule kiongozi wa zamani. Hakuwepo.

Uliniuliza pia kama ununue pedali, kile kifaa cha kubadili sauti ya gitaa. Usinunue bado. Rekodi kodi zako tatu kwa simu, zikizunguka dakika tano polepole, kisha kaa kwenye waya wa kwanza, wa pili na wa tatu tu kwa wiki mbili, ukiimba kila kitu kabla ya kukipiga. Halafu nitumie nisikie.