Kisu kimetoka wapi?

*Maswali ya vyombo vya jikoni na zana ndogondogo. Anayejibu ni mpishi wa shughuli wa Tanga, aliyepika kwa miaka 31.*

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mvuvi wa mshipi, na maji yakitoka nachokoa pweza huku Kigombe. Kisu changu cha kukunja kimejaa mchanga kwenye kiungo, hakifunguki mpaka nikitie mafuta ya taa. Nataka kisu kidogo kisichokunjwa, makali yasizidi urefu wa kiganja changu. Nimetenga shilingi 50,000. Dukani nimeonyeshwa cha elfu sita kilichogongwa neno "Germany". Nilipouliza kama kweli kimetoka Ujerumani, muuzaji akacheka na wenzangu wakacheka naye. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, hakuna anayeuliza kisu kilizaliwa wapi. Je, nimekosea kuuliza? Na ninunue kipi?
*Mvuvi, Kigombe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea hata kidogo. Mimi nilichelewa kuuliza swali hilo, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu hakuwa mimi.

Nilikuwa na harusi ya watu mia nne. Nikanunua visu sita vya bei ya chee, vyote vimegongwa "Germany" ubavuni, herufi zinang'aa. Ilipofika saa nne asubuhi gunia la vitunguu halijafika nusu na makali yalikuwa yamelala. Ukikisugua kwenye kinoo kinakubali, ukikata vitunguu kumi kinakataa tena. Cha tatu kikachomoka mpini mkononi mwa binti aliyekuwa akimenya viazi, bapa likampita kiganjani, akashonwa nyuzi nne. Nilipochungulia ndani ya ule mpini, niliona chuma kilikuwa kimeingia kiasi cha pingili moja ya kidole, kimeshikwa na gundi tu. Nikarudi dukani. Muuzaji hakujua vimetoka wapi, na aliyemuuzia naye hakujua. Kwenye kisu hapakuwa na jina la fundi wala la kiwanda. Nilikuwa na binti mwenye kiganja kilichofungwa bendeji na sikuwa na mtu wa kumwendea.

Ndiyo maana nauliza. Kisu ambacho kilikotoka kunajulikana kina mtu wa kukijibia, na mtu anayejua kwamba ataulizwa hatii mpini kwa gundi.

Wenzako nao wasikie jambo hili: alama ya "kimetengenezwa nchi fulani" tunayoiona leo kila mahali, kuanzia redio mpaka viatu, visu vina mkono mkubwa katika kuzaliwa kwake. Sheffield ya Uingereza ni mji wa visu tangu zamani. Chama cha mafundi wake kilitambuliwa na sheria mwaka 1624. Katika karne ya 19 baadhi ya mafundi wa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, wakawa wanatengeneza visu na mikasi ya bei rahisi na kuvigonga jina la Sheffield. Waingereza walipochoka, Bunge lao likatunga sheria mwaka 1887: bidhaa ya nje yenye alama ya kumpotosha mnunuzi iandikwe wazi imetoka nchi gani. Maneno "Made in Germany" yakaanza kugongwa kama onyo kwa mnunuzi. Wajerumani wakatengeneza vitu vizuri miaka mingi mpaka onyo likageuka sifa. Solingen yenyewe, iliyokuwa ikigonga jina la mwenzake, ikalindiwa jina lake kwa sheria mwaka 1938. Kanuni inayotumika sasa, ya mwaka 1994, inataka hatua zote za msingi za kutengeneza kisu zifanyikie ndani ya eneo la Solingen, la sivyo jina hilo haliruhusiwi.

Sasa kigeuze kisu chako ukisome. Kikiandikwa "Solingen" pamoja na jina la kiwanda, neno hilo lina sheria nyuma yake. Kikiandikwa "Germany" peke yake, bila jina la mtu, mimi sikiamini. Kikiandikwa "German steel", hapo wanakuambia chuma tu kimetoka Ujerumani, kisu kingeweza kutengenezwa popote. Na "stainless steel" ni aina ya chuma, si mahali. Waswisi nao wana sheria yao: tangu mwaka 2017 bidhaa ya kiwandani inayojiita ya Uswisi lazima angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe zimetumika Uswisi.

Usinielewe kwamba nakukataza vya China. Yangjiang, katika jimbo la Guangdong, ni mji wa visu wenye mafundi wa kweli, na watu wa umri wangu tunakumbuka majembe na mapanga yenye herufi za UFI kutoka kiwanda cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China hiyohiyo. Kisu kinachosema "China" na kutaja jina la kiwanda chake nakiheshimu kuliko kinachosema "Germany" na kunyamaza. Hicho cha elfu sita kiache dukani.

Ninunue kipi, umeuliza. Kwa kazi yako ya maji ya chumvi, ningekuwa mimi, ningetafuta kisu kidogo cha Mora. Mora ni mji mdogo katika jimbo la Dalarna, Sweden. Mwaka 1891 mtu mmoja aitwaye Frost-Erik Erson, aliyekuwa amerudi kutoka Amerika Kaskazini, alianzisha huko kiwanda cha sleji za kuburuzia magogo kwenye theluji. Wafanyakazi walihitaji visu, akawafulia visu, na visu vikaja kuzishinda sleji. Leo kampuni inaitwa Morakniv na bado inatengeneza palepale. Kisu chao kinachoitwa Companion kina makali ya sentimita 10 na kidogo, unene wa milimita 2.5, na mpini wa plastiki yenye mpira juu ambao hautelezi mkononi hata ukiwa na ute wa pweza. Ala yake ni ya plastiki na ina tundu chini la kutolea maji. Huko Ulaya kwa kawaida huuzwa chini ya yuro 20, kwa hiyo fungu lako linakaribia.

Ila angalia unapoagiza, kwa sababu kisu hichohicho hutengenezwa kwa chuma cha aina mbili. Kuna cha kaboni, chenye kaboni kiasi cha asilimia 1: kinanoleka upesi, lakini kwa chumvi ya Kigombe kitaota kutu kabla hujafika nyumbani. Wewe chukua kisichoshika kutu, ambacho kina kromi ya asilimia 13 na ushei. Chagua mpini wa rangi kali, chungwa ikipatikana, ili ukikiangusha kwenye majani ya bahari ukione. Tena usikitumie kubandulia chaza kwenye mwamba wala usikigonge kwa jiwe. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, na kisu cha kukatia si mtaimbo.

Kama una ndugu anayerudi kutoka Ulaya au Muscat, mwambie akiweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Akikibeba mkononi kitaishia mikononi mwa askari wa uwanja.

Huna ndugu huko? Basi nenda kwa mhunzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu moyo wangu uko hapa. Kisu alichotumia marehemu mama kilifuliwa na mhunzi kwa kipande cha springi ya lori. Alikinoa mpaka kikawa chembamba kama jani la mchaichai, na bado kilipasua samaki aina ya changu kutoka mkiani hadi kichwani bila kurudia. Fedha aliyolipa ililala kijijini, na mpini ulipolegea alijua mlango wa kugonga. Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema ujue kilikotoka.

Lakini mhunzi naye aulizwe. Swali la kwanza: umefua kwa chuma gani? Akisema springi ya gari, vizuri, maana chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali. Akisema nondo, mshukuru uondoke. Nondo inajengea nyumba, ukiifanya kisu utanoa kila saa. Swali la pili: umekichovya? Kisu kikishafuliwa lazima kipashwe mpaka kiwe chekundu, kiasi kwamba sumaku haikishiki tena, kisha kichovywe kwenye oili chafu, halafu kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama kigae. Asiyefanya hivyo anakuuzia bati lenye mpini. Unaweza kumpima mwenyewe: omba tupa, ipitishe polepole kwenye makali. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kimekaza. Ikitafuna na kutoa unga, bado kiko laini. Fundi mzuri hachukii kupimwa. Wangu huniletea tupa kabla sijaiomba.

Mwambie pia akuchomekee mkia wa chuma ndani ya mpini angalau nusu ya urefu wake, na umwone akifanya. Kwa sababu ya yule binti nakuomba hili usiliruke.

Kisu cha springi kitashika kutu, hilo hukwepi. Ukitoka majini kioshe kwa maji ya bomba, kikaushe kwa kitambaa, kipake mafuta ya nazi. Usikilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi inanyonya chumvi na kukitafuna usiku kucha. Hata hicho cha Mora kioshe; "hakishiki kutu" maana yake kinachelewa kushika.

SWALI: Hujambo dada? Nimerithi kisu kidogo cha bibi yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Maandishi yamefutika, imebaki "FFIELD" tu. Mpini umepasuka. Nikimenyea maembe mabichi kinabadilika rangi kuwa kama bluu iliyochafuka. Je, ni Sheffield ya kweli, na je, kimeharibika?
*Msomaji wa kike, Mombasa*

JIBU: Sijambo, dada yangu. Umeyasoma niliyomwambia mvuvi hapo juu kuhusu majina ya kuazima, kwa hiyo kwa herufi sita zilizobaki sitakuapia kwamba ni Sheffield. Hiyo bluu ndiyo inayonipa habari zaidi. Ni asidi ya embe inapokutana na chuma cha kaboni, na ndimu itafanya vilevile. Chuma kisichoshika kutu kilianza Sheffield kwa mtu aliyeitwa Harry Brearley mwaka 1913, na kisu chako si cha chuma hicho. Hakijaharibika. Rangi ile ni ngozi yake, inakisaidia dhidi ya kutu nyekundu, usiisugue kwa sandipepa. Usikiloweke tu, na usikilaze na maji.

Mpini ndio kazi. Tafuta kipande cha mpera kilichokauka kivulini miezi kadhaa. Mti huo una nyuzi zilizoshikana na haupasuki ovyo. Toboa tundu jembamba kuliko mkia wa kisu. Funga bapa lote kwa kitambaa kilicholowa maji, na usiache hata ncha nje, kwa sababu moto ukifika kwenye makali utayalainisha na hutayarudisha nyumbani. Kisha pasha mkia peke yake mpaka uwe mwekundu, uuchomeke kwenye tundu taratibu ukiusukuma kwa kugonga kitako cha mpini juu ya jiwe. Utatoka moshi na harufu ya mti kuungua. Chuma kitajichimbia nafasi yake chenyewe. Ukisita nusu njia, chomoa, pasha tena, rudia. Kikishafika mwisho, mwaga maji juu ya kitambaa, ukiache mpaka kesho yake bila kukigusa, ndipo ukitikise. Kikicheza, kata kipande kingine cha mpera uanze upya, maana tundu lililoungua kupita kiasi halishiki tena.