Maswali yenu: mtoto mwenye mahitaji maalumu darasani

*Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Mwalimu anasema ni mzito kwa sababu hamalizi kunakili ubaoni. Ni kweli? (Mama, Uyole)*

Mama, asiyeona ubao ataumaliza vipi? Ualbino huja na uoni hafifu. Miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, maana mwanga wa usoni humuumiza macho. Mwalimu awe anasoma kwa sauti anachokiandika. Akiachwa nyuma, anakili kutoka daftari la jirani, na kurasa za kitabu zikuzwe kwa kopi za A3 pale steshenari. Hakuna hata moja hapo linalosubiri kibali cha wizara.

Halafu kuna hili la huku kwetu. Kipupwe cha Mbeya kinadanganya: watu wamejifunika masweta, tunadhani jua limelala. Kumbe kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi, na mji wetu uko mita 1,700 hivi. Kofia pana na mikono mirefu, hata Julai. Mwalimu wa zamu asimvue kofia paredi eti si sare.

*Nina wanafunzi zaidi ya 80, mmoja hasikii vizuri. Nitampa muda saa ngapi? (Mwalimu, Kilolo)*

Mwalimu, 80 ni wengi, sitakudanganya. Anza na yasiyokula muda. Usiongee ukiwa umegeukia ubao, kwani huenda anafuata midomo yako. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, nyamaza uandike. Hapo hata wenye masikio mazima hawakusikii. Kama sikio linatoa usaha, mwite mzazi, ampeleke zahanati mapema na asitie mafuta ya moto. Usaha ukikaa muda mrefu hupunguza usikivu.

*Wangu ana uoni hafifu na anafanya mtihani wa darasa la saba. Kuna muda wa ziada? (Baba, Tukuyu)*

Upo. Baraza la Mitihani huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na hutoa karatasi za maandishi makubwa. Ila shule iwe imemsajili kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Kaulize sasa, usingoje wiki ya mtihani.

*Mwalimu mkuu ananiambia nimhamishie mtoto mwenye ulemavu wa akili shule ya bweni, mbali. Nilazimike? (Mama, Njombe)*

Hapana, mama. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyo kuwa na haki ya kusoma na wenzake. Bweni lenye kitengo kizuri si baya, na wapo watoto limewafaa, lakini liwe chaguo lenu baada ya mtoto kupimwa. Isiwe njia ya shule kupunguza kazi. Nenda halmashauri, muulizie afisa wa elimu maalumu, na uombe majibu kwa maandishi.