Ratiba ya kusomea CompTIA A+ ipangwe kwa uzito wa mada, si kwa kurasa

Ratiba yangu ya kwanza ya kusomea CompTIA A+, cheti cha msingi cha ufundi wa kompyuta kinachotolewa na shirika la CompTIA, niliipanga kwa kurasa: nilichukua idadi ya kurasa za kitabu, nikaigawanya kwa siku nilizokuwa nazo, na kila usiku nikatia alama ya vema kwenye kalenda. Wiki tano baadaye kalenda ilikuwa imejaa alama, lakini nilipofanya jaribio la kwanza nilikwama kwenye swali la printa ya leza inayotoa kivuli cha maandishi kinachojirudia. Sura ya printa nilikuwa nimeisoma, na nilikumbuka hata kwamba maelezo hayo yalikuwa upande wa kushoto wa ukurasa. Sababu ya kivuli ndiyo sikuikumbuka.

Nilianza upya, safari hii kwa kusoma waraka wa malengo ya mtihani ambao CompTIA huutoa bure, na ambao nilikuwa nimeupuuza. Waraka huo hutaja kila mada pamoja na asilimia yake. Katika mtihani wa kwanza wa toleo nililofanya mimi, 220-1101 la mwaka 2022, utatuzi wa hitilafu za vifaa na mtandao ulibeba asilimia 29, vifaa 25, mitandao 20, vifaa vya mkononi 15, na kompyuta pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) pamoja na huduma za wingu 11. Toleo la 220-1201, lililotoka Machi 2025, lina mgawanyo uliobadilika kidogo, kwa hiyo pakua waraka wa toleo utakalofanya, na ukumbuke kwamba cheti kinadai mitihani miwili ya toleo moja. Huwezi kuchanganya wa zamani na mpya.

Nilikuwa na uwezo wa kusoma saa 8 kwa wiki bila kujidanganya, yaani saa 48 kwa wiki sita. Nilizigawanya kwa asilimia zile: utatuzi wa hitilafu saa 14, vifaa 12, mitandao 10, vifaa vya mkononi 7, na kompyuta pepe 5. Hesabu hiyo ilinionyesha kosa langu waziwazi, kwa sababu katika ratiba ya kurasa sehemu nzito kuliko zote ilikuwa imeachiwa siku nne za mwisho. Wiki mbili zaidi niliziweka kwa ajili ya majaribio ya mtihani, na siku moja ya kila wiki niliiacha wazi kabisa, kwa kuwa kazi au ugonjwa ukikumega siku mbili, ratiba isiyo na nafasi huvunjika na mtu huiacha.

Ndani ya kila kipindi cha saa moja na nusu, dakika 20 za mwanzo hazikuwa za kusoma jambo jipya. Nilichukua karatasi tupu na kuandika kwa kichwa yale ya juzi na ya wiki iliyopita: namba za poti, yaani milango ambayo huduma za mtandao hupitia (SSH 22, DNS 53, HTTPS 443, RDP 3389), halafu hatua sita za utatuzi wa hitilafu, kuanzia kutambua tatizo hadi kuandika kumbukumbu ya kilichofanyika. Palipobaki wazi kwenye karatasi ndipo palipokuwa kazi yangu ya siku hiyo. Naliona hili kuwa muhimu kuliko mengine yote niliyofanya, ingawa linachosha na siku za kwanza linavunja moyo.

Kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha mikono. Nilifungua kompyuta ya zamani isiyotumika tena, nikachomoa kipande cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kukirudisha mpaka niliposikia vibanio vya pande zote mbili vikilia. RAM ya aina ya DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240 na ya DDR4 ina 288, na mkato wake hauko mahali pamoja. Ukishakishika kipande mkononi, huhitaji kulikariri hilo.

Majaribio yafanye kwa saa halisi: maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kupita ni 675 kwa mtihani wa kwanza na 700 kwa wa pili, katika kipimo cha 100 hadi 900. Maswali ya vitendo mara nyingi hutangulia na hula muda, hivyo nilijizoeza kuyaruka na kuyarudia mwishoni. Kila kosa nililiandika pamoja na sababu yake, nikalirudisha kwenye karatasi tupu ya kesho yake.

Tarehe ya mtihani niliilipia mwishoni mwa wiki ya pili, nilipokwisha kuona kwamba saa 8 zinawezekana kweli. Wa pili niliupanga wiki sita baada ya wa kwanza, kwa mgawanyo mpya wa asilimia, na karatasi ya poti niliendelea kuiandika kila Jumatatu.